Naye

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Jumatatu na Jumatano, baada ya Isha,
kiyoyozi kinakohoa, sisi saba tunaandika.
Mwalimu wetu, Bi Sheeja wa Kerala,
ana kalamu nyekundu
na subira anayoipima kwa kijiko.

Leo ni vihusishi. Vile vidogo: in, with, from, for.
Katika barua rasmi, anasema, kihusishi hutangulia,
huingia kwanza kama mshenga,
nyuma yake which, nyuma yake habari yenyewe.
Mdomoni mwa watu hubaki mwisho wa sentensi,
kandambili moja nje ya mlango.
The house I was born in, anaandika,
na hiyo in naiona inaning'inia
ukingoni mwa ubao, haina pa kushika.

"Baada yake hakuna kitu?" anauliza Khalfan,
anayeendesha lori la Sohar.
"Hakuna. Nukta."

Kwetu Wete nyumba haiachwi nje namna hiyo.
Nilimozaliwa. Umeiona? "Mo" imo katikati,
kitenzi kimeimeza nyumba nzima,
na ukuta wake wa mawe, na ndoo, na paka wa Bi Time.
Nikamwuliza mwalimu: na kwenu je?
Akacheka. Kwetu, akasema, hilo neno tunaliangusha njiani;
msikilizaji anajua kuwa mtu huzaliwa ndani,
hazaliwi juu ya paa.

(Mama yangu angembishia.
Yeye alizaliwa garini, njia ya Chake.)

Kisha zoezi: sentensi tano za maisha yako.
Mtu ninayemfanyia kazi, daktari wa meno, Al Khuwair: sahihi.
Basi ninalojia: sahihi.
Mji ninakotoka: nilisita, nikaandika Wete, sahihi.
Ya nne siikumbuki.
Ya tano: The woman I came with her.

Mstari mwekundu juu ya her.

Khalfan naye kakatwa vilevile, palepale,
kwa ndugu yake aliyekua naye;
Kiarabu nacho hakimwachi mtu njiani.
Bi Sheeja anaeleza polepole:
mwanamke umeshamtaja mwanzo, ndiye huyohuyo,
ukimrudia mwisho utakuwa na wawili.

Lakini tulikuwa wawili, mwalimu.
Kiti cha dirishani na cha jirani yake,
mimi wa miaka tisa, mama na mkoba wa karafuu
ambao forodhani waliunusa, wakaurudisha.
Mama niliyekuja naye: hesabu.
"Ye" wa kwanza yumo tumboni mwa kitenzi,
"ye" wa pili kashikwa mkono na "na".
Hiyo "na" yetu haijui kusimama peke yake.
Jaribu. Mwambie mtu "nilikuja na", unyamaze.
Atakutazama mdomo. Na nani?
Atasubiri mpaka chai ipoe.

Mama yuko Amerat tangu Shaabani.
Mawe mawili, hayana maandishi, ndiyo desturi;
kutoka langoni ni hatua mia moja na kumi na nne,
kisha kushoto, penye bomba lililopinda.
Mara ya mwisho nilihesabu mia moja na kumi na tisa.
Labda nilikuwa nimechoka.

Nimeinakili sentensi mara kumi, kama nilivyoamriwa.
The woman I came with. Nukta.
The woman I came with. Nukta.
Mara ya kumi, kati ya with na nukta,
mkono uliacha nafasi ya herufi tatu.

Bi Sheeja akalipokea daftari.
Kalamu ikashuka na mistari, ikafika pale,
ikakaa.
Akaifunika kifuniko chake.
Akainuka kufungua dirisha, kiyoyozi kimeshakufa,
na chini mtu alikuwa anajaribu tairi
kwa kulipiga teke, akilisikiliza,
akilipiga tena.